Msingi wa Kisiagi

Saa tano ya Jumamosi asubuhi, trela ilianza kutikisa mkia.

Walikuwa wametoka mtaa wa Free Area hata nusu saa haijaisha. Kemboi, mwenye gari, alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, jambo ambalo mzee Gathogo hakuwahi kumwona akilifanya. Abby, binti yake Gathogo, alikuwa katikati yao, magoti yamebana gia. Mwanzo ilikuwa kama upepo tu. Kisha kanta, lile lori dogo la Kemboi, ikavutwa kushoto, ikavutwa kulia, ikarudishwa kushoto kwa nguvu zaidi, kama vile kuna mtu huko nyuma ameishika kiuno na anacheza nayo.

"Punguza!" Abby alipiga kelele.

"Nimepunguza! Sigusi hata mafuta!"

Lori la nyasi liliwapita likipiga honi. Dereva wake akatoa kichwa dirishani. "Hiyo nyoka mnapeleka wapi?"

Kemboi alisimama kando ya barabara, akazima injini, akakaa akiangalia mikono yake. Gathogo ndiye aliyeshuka kwanza. Hakuangalia trela. Aliangalia lami.

"Ona," alisema, akiipiga kwa kisigino. "Ona hii kitu. Hawa watu wa serikali walikula pesa yote wakatupaka masizi. Gari itatulia namna gani juu ya masizi?"

Lami pale ilikuwa mpya na laini, imenyooka kama rula. Abby aliiangalia, kisha akaangalia baba yake.

Juu ya trela kulikuwa na kisiagi kizima. Kulikuwa na injini ya dizeli ya silinda moja, mashine yenyewe ya kusaga mahindi, mabati na mbao za kibanda, magunia matano ya mahindi, na mkokoteni wa zamani wa Gathogo ambao alikataa kuuacha. Na nyuma kabisa, pale mwisho wa trela, kulikuwa na msingi: jiwe la zege lenye urefu wa mita moja na nusu na kimo cha kupita goti, ambalo injini ilikuwa imefungwa juu yake kwa miaka yote hiyo. Kwenye uso wake, kwa herufi zilizochorwa na msumari zege likiwa bichi, kuliandikwa WANJUGU 2009.

Wanjugu alikuwa mke wake. Miaka miwili iliyopita alilazwa hospitali ya serikali siku nne akingoja mashine moja. Mashine ilikuwa imeharibika, na mtu mwenye ufunguo wa ile nyingine alikuwa semina Mombasa. Siku ya tano Gathogo alipewa cheti. Sasa watu wale wale, au ndugu zao, walikuwa wamekuja na rangi nyekundu wakaandika X kwenye ukuta wa kisiagi chake, kwa sababu barabara inapanuliwa. Tingatinga lingekuja Jumatatu. Gathogo alikuwa na shamba la nusu eka huko Kabazi, na kaburi la Wanjugu lilikuwa huko. Aliapa kwamba kisiagi kitamfuata mke wake huko, kizima, mpaka jiwe la mwisho.

*

"Mzee," Kemboi alisema, "mimi sielewi. Tulipakia vizuri. Uliona vile springi za kanta hazikushuka hata kidogo. Ni kama hatujabeba kitu!"

Ni kweli. Asubuhi wanaume kumi na wawili walisukuma lile jiwe juu ya magogo huku Gathogo akielekeza. Alikuwa ameendesha punda katika mji huo kwa miaka ishirini na sita, akisambaza maji na mchanga, na hakuna mtu angemfundisha kupakia. Mzigo mzito unakaa nyuma. Punda ni wa kuvuta, si wa kubeba. Ukimwekea mzigo shingoni unamuua. Unasukuma mzigo nyuma mpaka ile miti miwili ya mbele ya mkokoteni inaelea, unaweza kuiinua kwa kidole.

"Baba, hii si punda," Abby alikuwa amesema.

"Kuvuta ni kuvuta."

Na trela yenyewe ilikuwa imeshapachikwa. Ilikuwa trela fupi ya kubebea nyasi ambayo Kemboi aliinunua kwenye mnada. Haikuvutwa kwa ndoano kama zile nyingine. Pua yake ilipanda juu ya kanta yenyewe na kuikalia. Mafundi walikuwa wametoa bodi ya kanta na kufunga sahani ya chuma yenye grisi, nayo pini ya trela ikaingia pale ikafungwa kwa komeo. Madereva huiita fifth wheel. Kemboi alipoitaja mara ya kwanza, Gathogo alizunguka gari lote akitafuta hilo gurudumu la tano, akaamini limeibiwa.

Abby aliinama ubavuni mwa trela. Alifuta matope kwenye kibati kidogo kilichopigwa ribiti. Alikuwa amesoma ufundi muhula mmoja tu kabla mama yake hajaugua, na muhula mmoja ulimwachia tabia ya kusoma kila kibati.

"Hapa kuna namba tatu. Elfu nne mia tano. Elfu moja mia nne. Mia tisa."

"Si ndiyo hiyo?" Gathogo alisema. "Inabeba tani nne na nusu. Sisi hatujafika hapo."

"Na hii elfu moja mia nne?"

"Hiyo ni namba ya kiwanda," Kemboi alisema haraka.

"Na mia tisa?"

Kemboi alikuna shingo. "Labda ni mwaka."

"Mwaka wa mia tisa, Kemboi? Trela ya wakati wa manabii?"

Gathogo hakucheka. Kichwa chake kilikuwa kinazunguka. Maisha yake yote mzigo ulikuwa mzigo. Unaangalia miguu ya punda na unajua. Sasa kulikuwa na namba tatu kwenye kibati, na hakuna hata moja iliyosema kwa nini trela inataka kumwua mtu kwenye barabara iliyonyooka.

"Twende tupimwe," Abby alisema. "Tumepita ghala la nafaka hapo nyuma. Wana mizani ya malori."

"Mizani ni ya serikali."

"Ni ya mtu binafsi, Baba."

"Wote ni kitu kimoja."

Lakini Kemboi alikuwa ameshawasha injini. Walirudi mwendo wa mtu anayesindikiza maiti.

*

Bawabu wa ghala aliwapa kitabu waandike. Gathogo aliandika jina lake polepole, akitoa ulimi. Alipofika pale penye kazi, bawabu alichoka kungoja.

"Kazi gani, mzee?"

"Mimi ni mwenye kisiagi."

Bawabu aliangalia buti zake zilizopasuka, akachukua kalamu, akaandika yeye mwenyewe: kibarua. Gathogo aliliona neno hilo. Alilisoma lote, herufi kwa herufi, kisha akapita.

Karani wa mizani aliitwa Awuor, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekaa kwenye kibanda cha dirisha moja. Kupima ni shilingi mia tano, akasema, na Abby akalipa kwa simu kabla baba yake hajafungua mdomo.

"Shukeni wote. Dereva, panda mizani na kichwa peke yake, yaani hiyo kanta. Magurudumu ya trela yabaki nje."

"Si tungefungua trela kabisa?" Kemboi aliuliza.

Awuor alisimama, akachungulia dirishani, akaangalia lile jiwe la zege kule mwisho. "Wewe! Usiguse hilo komeo! Ukifungua, pua inaruka juu na mkia unapiga chini. Tutazika mtu hapa leo."

Kemboi aliondoa mkono wake kwenye komeo kana kwamba limemchoma.

Kanta ikapanda. Awuor akaangalia skrini, akaandika. "Elfu mbili mia nne na tisini." Kisha akabonyeza kompyuta, akakunja uso. "Gari hii ilipimwa hapa mwezi wa pili ikiwa tupu, bila trela. Ilikuwa elfu mbili mia sita na arobaini."

Gathogo alisogea karibu na dirisha.

"Sema tena," Gathogo alisema.

"Ikiwa tupu, kilo elfu mbili mia sita na arobaini. Ikiwa imebeba trela yako, elfu mbili mia nne na tisini."

"Yaani gari imepungua?"

"Imepungua kilo mia moja hamsini."

Gathogo aliangalia kanta. Aliangalia injini, magunia, mbao, jiwe. Nyuma yake madereva wawili wa malori waliokuwa wakingoja zamu walisogea kusikiliza.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, "wanaume kumi na wawili wametoa jasho kupakia hiki kitu. Tumeweka mawe, tumeweka chuma, tumeweka mahindi. Halafu unaniambia gari imekonda? Mimi sikusoma sana, lakini si mjinga. Hii mizani imefundishwa kuiba! Mkulima akileta mahindi yake hapa ndivyo mnavyompunguzia!"

Madereva waliangua kicheko. Mmoja alimwambia mwenzake, "Huyo mzee apakie kiwanda kizima, kanta itapaa."

"Mzee," Awuor alisema bila kuinua sauti, "hii mizani haina chama. Haikupigi wala haikupigii kura. Weka vyote juu."

Kanta ikasonga na trela ikapanda. Kilo elfu saba mia nane na sitini. Awuor alitoa kwa kalamu: ukiondoa kanta, trela na mzigo wake ni elfu tano mia mbili na ishirini.

"Na kibati kinasema elfu nne mia tano," Abby alisema taratibu. "Lakini hiyo ni pamoja na trela yenyewe, sio?"

"Pamoja. Trela yenyewe ndiyo hiyo elfu moja mia nne. Kwa hivyo mzigo wenu haukutakiwa kupita elfu tatu na mia moja. Mmezidisha mia saba na ishirini."

"Na mia tisa?" Kemboi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo ndiyo ya maana kuliko zote. Ni mzigo ambao pua ya trela inaweza kukalisha juu ya sahani ya kanta. Haitakiwi kupita hapo, lakini iwe karibu. Nyinyi hamjakalisha hata kilo moja. Nyinyi mnaiinua."

Gathogo alishika kichwa. Namba zilimjia kama nzi: elfu saba, elfu tano, mia tisa, mia moja hamsini za kupungua. Alitaka mtu mmoja tu wa kulaumu, na kila alipomtafuta aliona skrini.

"Baba," Abby alisema. Alimvuta kando, karibu na gurudumu. "Unamkumbuka Sajini?"

Sajini alikuwa punda wake. Nani angemsahau?

"Ile siku kule mtaa wa Ponda Mali. Ule mzigo wa mchanga."

Gathogo alikumbuka. Walikuwa wakipanda kilima, mkokoteni umejaa mchanga. Miti ya mbele iliinuka taratibu, mkanda wa tumbo ukamkaza Sajini, na punda mzima akainuliwa hewani, miguu minne ikipiga upepo, huku watoto wa shule wakishangilia.

"Miguu yake haikuwa inashika chini," Abby alisema. "Angeenda wapi? Hata mngempiga namna gani. Kanta ndiyo Sajini, Baba. Magurudumu ya nyuma hayashiki barabara. Tumeiinua kwa mkanda."

"Ile siku ilikuwa shimo," Gathogo alisema. "Shimo la kaunti."

"Ulituambia ni shimo. Mama alisema hakukuwa na shimo."

Mzee aliweka kiganja kwenye tairi la nyuma la kanta kama mtu anayempapasa mnyama. Tairi lilikuwa jembamba chini, halijabonyea hata kidogo. Asubuhi alikuwa ameonyeshwa jambo hilo hilo na akajivuna.

Awuor alikuwa ametoka nje akizunguka trela. "Gari si punda, mzee. Punda anashika kwa kwato, gari inashika kwa uzito. Trela ya namna hii lazima iegemee kichwa, na kichwa kikubali kuegemewa. La sivyo, mkia ndio unaendesha kichwa."

"Kama nchi hii," Gathogo alisema.

Safari hii hata madereva walicheka pamoja naye. Lakini Awuor alikuwa ameinama upande wa kushoto, na alipoinuka hakuwa anacheka.

"Hii springi nani aliifunga kwa mpira?"

Macho yote yalimwendea Kemboi. Kati ya majani ya springi, yale mabamba ya chuma, la pili lilikuwa limekatika, na limezungushiwa mpira wa tyubu ya ndani mara kumi, kama kidole kilichoumia.

"Fundi aliniambia itashika," Kemboi alisema akiangalia chini. "Ilikuwa ya nyasi tu, madam. Nyasi hazina uzito."

"Wewe ulijua?" Gathogo alimgeukia. "Ulijua na ukanyamaza? Mlivyo nyinyi wote! Mwenye gari, mwenye mashine, mwenye ufunguo..."

"Baba, wacha," Abby alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka, na ilikuwa sauti ya Wanjugu. "Kemboi alifunga mpira. Wewe ulipanga mzigo. Mimi niliona na nikanyamaza. Hapa hakuna serikali. Ni sisi watatu."

*

Walikaa kwenye kivuli cha trela. Abby alipiga hesabu kwenye simu, akamsomea baba yake moja moja kama mtu anayemsomea barua.

"Mahindi ni mia nne na hamsini. Mkokoteni tuseme mia mbili na hamsini. Tukiviacha vyote, bado tumezidi kilo ishirini."

"Ishirini si kitu," Kemboi alisema.

"Hiyo elfu nne mia tano ni ya siku trela ilipozaliwa," Awuor alisema kutoka dirishani. "Leo ina jani limekatika. Kati ya hapa na Kabazi kuna mteremko. Mnataka kushuka chini kabisa ya hiyo namba."

"Tukiacha mabati na mbao," Abby aliendelea, "kisiagi kitanyeshewa. Tukiacha injini, tunapeleka nini?" Aliangalia mkia wa trela. "Jiwe nimelipima kwa shubiri, nikazidisha. Ni kama elfu moja na mia saba."



Gathogo aliinuka akaenda nyuma ya trela. Zege lilikuwa na joto la jua. Alipitisha kidole kwenye W, kwenye A, mpaka mwisho. Siku ile Wanjugu alipiga magoti kwenye saruji mbichi na msumari wa inchi nne, na yeye Gathogo akamwambia aache kuchezea kitu cha pesa. Akamjibu: acha nimalize, hiki ndicho kitu cha kwanza nimewahi kumiliki.

"Nipige picha?" Abby aliuliza nyuma yake.

"Picha haisagi unga."

"Najua, Baba."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, lakini hawakusema mzigo wako mwenyewe ni kilo ngapi. Gathogo angeweza kusema twende hivyo hivyo. Kemboi angekubali, kwa sababu ya ile aibu ya mpira. Abby angepanda na kukaa katikati, magoti kwenye gia, kwa sababu baba yake amesema. Akilini alimwona akipanda.

"Maitu," alisema. Abby alikuwa na jina la mama yake Gathogo, ndiyo maana alimwita hivyo, yaani mama, lakini ni pale tu alipokuwa hana neno lingine. "Waambie watoe."

Ghala lilikuwa na forklift ya kuinulia mizigo. Kwanza ililichukua jiwe kutoka nyuma, taratibu, ikalibeba kama mtu anayebeba mgonjwa, na trela ikainuka kwenye springi zake ikitoa mlio. Kisha ikainua injini na kuisogeza mbele, karibu na pua. Sasa wote waliiona kanta ikichuchumaa kidogo.

"Jiwe tunaweka wapi?" mwendesha forklift aliuliza.

Awuor alionyesha mbele ya mlango wa kibanda chake, ambako mvua ilikuwa imechimba dimbwi. "Hapo. Litakuwa ngazi yangu. Kama mzee atakubali."

Gathogo aliangalia buti za madereva, zilizojaa matope. "Nakubali," alisema. "Lakini jina liangalie chini."

Mwendesha forklift alisonya. Ilikuwa kazi ya bure, ya mnyororo na ya dakika ishirini. Lakini Awuor alimkazia macho kupitia ile miwani ya uzi, na jiwe likageuzwa kama chapati.

Walipima tena. Jumla elfu sita mia moja na sitini. Kanta peke yake, elfu tatu mia mbili na hamsini. Awuor alichapisha karatasi, na pale kwenye jina la mwenye mzigo aliandika kwa mkono: J. Gathogo, mwenye kisiagi. Hakumtoza mara ya pili.

Trela iliwafuata mpaka Kabazi bila neno. Kwenye mteremko Kemboi alishuka kwa gia ya pili.

*

Tingatinga halikuja Jumatatu. Lilikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata. "Hata kubomoa wanachelewa," Gathogo alisema alipopigiwa simu, akatema mate.

Siku hiyo alikuwa anatengeneza msingi mpya. Kabla ya kuchanganya, alining'iniza ratili, mizani ya kupimia mahindi, kwenye tawi, akapima kila ndoo ya mchanga, kila ndoo ya kokoto, kila mfuko wa saruji, hata maji. Abby aliandika. Ilichukua asubuhi nzima.

"Baba, watu hawatengenezi msingi hivi."

"Jumla mia na kumi na nane sasa. Andika."

Aliutengeneza vipande viwili, kila kimoja na ndoano za chuma pembeni za kushikia. Zege lilipoanza kukaza, Abby alileta msumari wa inchi nne, akampa.

"Andika jina la mama."

Gathogo aliugeuza msumari mkononi. Kaburi lilikuwa hatua thelathini kutoka pale, limeota majani.

"Mama yako amepumzika," alisema. "Hatumhamishi tena."

Akapiga magoti, akatoa ulimi, akaandika kwenye kipande cha kwanza KILO 320, na kwenye cha pili KILO 320. Kisha akachora mshale mrefu kwenye kila kimoja, na mbele ya mshale akaandika: UPANDE WA KICHWA.

"Ya nini hiyo?"

Alijipangusa mikono, akaangalia barabara ya vumbi iliyopita chini ya shamba. Ilikuwa nyembamba bado. Hakuna aliyewahi kuipima.

"Watakuja tena na ile rangi yao," alisema. "Safari hiyo wasitukute hatujui."